Mgeni wa Saa Tano

Meli iliingia saa kumi na mbili na robo asubuhi, mwishoni mwa Novemba, maji ya bamvua yakiwa yameanza kupwa. Haikupiga honi. Ilijitokeza kwenye mlango wa bahari, nyeupe, taa bado zinawaka, ikajongea taratibu hadi mkabala wa kisiwa cha Kilwa Kisiwani, na sisi tuliokaa gatini Kilwa Masoko tukasikia mnyororo wa nanga ukiporomoka kama kokoto zinazomwagwa na lori. Mzee aliyekuwa akishona wavu kando yangu aliitupia jicho mara moja, akarudi kwenye uzi wake.

"Shikamoo, mzee. Hapo ilipo maji yanaitosha?"

"Marahaba, mwanangu. Hapo hata ije mara tatu yake itaelea."

Haikuwa miongoni mwa zile meli za ghorofa nyingi zinazobeba watu maelfu, ambazo siku hizi hufunga Dar es Salaam, Zanzibar na Mombasa. Zinazofika Kilwa ni ndogo, za abiria mia moja au mia mbili, na hubeba boti zake za mpira za kushushia watu ufukweni. Ratiba ya siku hiyo nilikuwa nimeambiwa tangu jana yake: kushuka saa moja, kurudi saa sita, kung'oa nanga saa saba kuelekea kusini. Saa tano basi. Nilikuja Kilwa kwa ajili ya hizo saa tano, nione mtu aliyelipa fedha nyingi kuizunguka Bahari ya Hindi anazitumiaje, na Kilwa nayo inazitumiaje.

Maana mji huu ulijengwa na wageni waliolazimika kukaa. Kaskazi ilileta majahazi kutoka Uarabuni, Ghuba na Bara Hindi kati ya Disemba na Machi. Kusi iliyaondoa kuanzia Aprili. Kilwa iko karibu na mwisho wa upepo huo. Chombo kilichotoka Aden kingeweza kufika hapa na kuwahi kurudi, lakini kushuka hadi Sofala, ilikokuwa ikitoka dhahabu ya Zimbabwe, kulitaka msimu mwingine. Basi njia ya Sofala ikashikwa na watu wa Kilwa, na mgeni akakaa kungoja. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mgeni wa Kilwa alikaa miezi. Alipanga nyumba, akaoa, akajifunza lugha, na wengine makaburi yao yako hapa hapa. Mgeni wa leo hangoji upepo, anangojwa na nahodha.

Nilivuka na mashua ya waongozaji. Kijana aliyekuwa akiongoza kundi la kwanza alikuwa amepanga kazi yake kwa kutazama maji, akaniambia jambo ambalo ningependa kila mgeni wa meli alijue: siku ya bamvua, maji ya asubuhi hupwa kabisa kati ya saa nne na saa tano, na magofu ya Husuni Kubwa yako juu ya jabali, chini yake mikoko. Anayewahi hufikishwa na boti mpaka kwenye ngazi. Anayechelewa anakuta tope. Kwa hiyo yeye huanza na Husuni, mbali kabisa, kisha hurudi kijijini na watu wake kwa miguu, badala ya kuanza kijijini kama wanavyofanya wengi.

Waliomsikiliza walikuwa ishirini na wachache. Waliobaki melini walimalizia kifungua kinywa kwanza, wakafika baada ya saa tatu, na niliwaona baadaye wakitelemka ndani ya maji ya magotini, wameshikana mikono, mama mmoja akiwa na viatu vyeupe vya kitambaa alivyovinunua kwa ajili ya safari hii. Kiatu cha kushoto kilibaki kwenye tope. Mvuvi mmoja alikichimbua kwa mkono, akakisuuza, akampelekea. Mwenye kwenda Kilwa na avae makubazi yenye mkanda nyuma ya kisigino. Kandambili hunyonywa na tope vile vile.

Husuni Kubwa ilijengwa mwanzoni mwa karne ya 14, zama za Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyeitwa Abu al-Mawahib, Baba wa Zawadi. Vyumba vyake vinapita mia moja. Kuna ua wa bidhaa, kuna mabaraza ya kukutania watu, na ukingoni kabisa, bahari ikiwa chini, kuna bwawa la pembe nane lenye kuta zilizopangwa kwa mikunjo kama ua la mlimau lililofunguka. Jumba hili halikukaliwa muda mrefu, na sehemu zake hazikumalizika. Kijana wetu alisimulia hayo kwa dakika tano, akasema, "Sasa nyamazeni kidogo, sikilizeni." Nilidhani wageni watahamaki. Hawakuhamaki. Walisikia upepo ukiingia kupitia milango isiyo na mbao, na chini kabisa maji yakivuta kutoka kwenye mizizi ya mikoko. Bibi mmoja mwenye mvi aliketi kwenye ukingo wa bwawa, kamera ikiwa ndani ya mkoba, akakaa hivyo hivyo mpaka alipoitwa. Kama kuna aliyeipata Kilwa siku ile kwa thamani ya nauli yake, wa kwanza kumtaja ni huyo.

Njiani kurudi kijijini, mwendo wa kama nusu saa kati ya mibuyu na mashamba ya mihogo, kigae kidogo kiling'aa mchangani. Bwana mmoja alikiokota. Kilikuwa upana wa kucha mbili, rangi ya kijani kibichi kama maji ya kina kifupi, kikiwa laini upande mmoja na upande wa pili kimevunjika, udongo wake wa kijivu ukionekana ndani. Chombo cha Kichina hicho, kimekuja kwa merikebu. Bwana yule alikigeuza, akakipangusa kwa kidole gumba, na mkono wake ukaanza kuelekea mfukoni.

"Hapana, baba," kijana alimwambia kwa upole. "Kirudishe pale pale kilipokuwa. Hata kishimo chake bado kipo."

Sheria ya Mambo ya Kale tuliyo nayo tangu 1964 inakataza kuondoa vitu kama hivyo, lakini kijana hakutaja sheria. Alimweleza kwamba kigae kikiwa mahali pake kinasimulia nani aliishi hapo na lini, na kikihamishwa kinakuwa bubu. Bwana alipiga goti, akakitia kwenye kishimo chake, akakifukia kidogo kwa mchanga. Nadhani hakusahau tendo hilo upesi.

Msikiti Mkuu tuliufikia jua likiwa limekwisha kuwa kali. Sehemu yake ya kaskazini ni ya zamani zaidi, ya karne ya 11 au ya 12. Ya kusini iliongezwa karne ya 14, ikaporomoka, ikajengwa upya karne ya 15 kwa nguzo za pembe nane na kuba ambazo baadhi bado zimesimama. Yote ni mawe ya matumbawe na chokaa iliyochomwa hapa hapa. Ingia ndani saa nne asubuhi, simama katikati ya nguzo utazame juu: mwanga unapita pale kuba ilipoanguka, unatua sakafuni duara, na ubaridi wa mawe unakupanda kutoka nyayoni. Penye udhu kuna jiwe la duara lililochakaa katikati. Watu walisugulia hapo nyayo zao kabla ya kuingia kuswali. Niliweka kiganja juu yake. Nilifikiria baharia wa wakati ule, miguu ina chumvi na lami ya chombo, akilisugua jiwe hili akiwa na uhakika kwamba kwa wiki nyingi zijazo hana pengine pa kwenda.

Ibn Battuta alifika hapa mwaka 1331, akitokea Mombasa. Naye alikuwa mgeni wa kupita, hakukaa sana. Aliusifu mji kuwa miongoni mwa miji mizuri, akasema nyumba zake ni za mbao, jambo ambalo kuta hizi za mawe zinalipinga. Mgeni wa haraka hukosea mambo ya namna hiyo. Lakini kuna kisa alichokichukua hapa ambacho bila yeye tusingekuwa nacho. Fakiri kutoka Yemen alimzuia Sultani akitoka swala ya Ijumaa, akamwomba nguo alizovaa mwilini. Sultani alirudi ndani, akavua, akavaa nyingine, akampa. Mwanawe akazikomboa nguo zile kwa kumpa fakiri watumwa kumi. Sultani aliposikia watu wanavyomshukuru, akaongeza kumi wengine na mizigo miwili ya pembe za ndovu. Wale ishirini hawana jina hata mmoja katika kitabu chake. Kijana wetu alikisimulia kisa chote, na wao akawataja. Nilimheshimu kwa hilo.

Mambo mengine aliyapitia upesi, nami nayapitia upesi. Sarafu za shaba za Kilwa, ndogo kama ukucha, zilikuwa na maneno yenye vina: upande mmoja jina la Sultani, upande wa pili sifa ya Mungu inayomalizikia kwa sauti ile ile. Moja ilikutwa Zimbabwe Kuu, na tano ziliokotwa mwaka 1944 katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia. Vasco da Gama alikuja 1502 akadai kodi. Francisco de Almeida alikuja 1505 akaupora mji, akaweka ngome. Gereza tunaloliona leo karibu na pwani ni kazi ya Waomani juu ya msingi huo. Mwaka 1776 Mfaransa Morice aliandikiana mkataba na Sultani wa Kilwa wa kupewa watumwa elfu moja kila mwaka. Hapo wageni walinyamaza bila kuombwa. Hawa wote walikuja kwa meli.

Tukapumzika kivulini mwa Gereza. Bahari iliwahi kuukaribia ukuta huu kwa namna ya kutisha. Mawimbi yalikuwa yanakula ufukwe, na magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, yaliyotangazwa Urithi wa Dunia mwaka 1981, yakaingizwa mwaka 2004 katika orodha ya urithi ulio hatarini. Yaliondolewa humo 2014, baada ya kazi ya miaka ya kuimarisha kuta na kulinda ufukwe. Wanakijiji wenyewe walibeba mawe na chokaa.

Kivulini hapo, mzee mmoja wa Kijerumani, mwalimu mstaafu, aliuliza kuna nini kusini mwa hapa. Nikamwambia, Lindi. Jina hilo halikumwambia kitu. Nikamuuliza kama amewahi kuingia Makumbusho ya Elimu Viumbe ya Berlin akaona mifupa ya yule dinosaria, mjusi mkubwa wa kale, mwenye kimo kinachopita meta 13. Uso wake ulifunguka: alikuwa amewapeleka wanafunzi wake pale kila mwaka.

"Huyo ni wa Lindi," nikamwambia.

Nilikuwa Lindi siku mbili kabla. Nilisimama ufukweni pale mto Lukuledi unapoingia ghubani, boti za Kitunda zikivusha watu na mafungu ya mboga, nikijaribu kupata picha ya mwaka 1909. Mifupa ilichimbwa kilima cha Tendaguru, ndani ya bara, kati ya 1909 na 1913, ikafungwa kwa mianzi na udongo, ikabebwa vichwani na mabegani kwa siku kadhaa za mwendo mpaka bandari ile. Mizigo hiyo ilipita tani 200. Msimamizi wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani, na ilipofika 2007 ndipo wanasayansi walipompa mnyama mmoja wa Tendaguru jina la kumkumbuka: Australodocus bohetii. Wapagazi walikuwa watu wa nchi iliyotoka kupigwa vita vya Maji Maji na njaa iliyovifuata. Na hapa jirani, Kilwa Kivinje, kuna Mwembe Kinyonga. Huko ndiko Hassan bin Omari Makunganya alikonyongwa na Wajerumani mwaka 1895, yeye na wenzake.

Mzee alisikiliza mpaka mwisho. Akatoa daftari, akaniomba nimwandikie majina: Tendaguru, Boheti, Makunganya. Aliyasoma kwa sauti, akakosea, nikamrekebisha, akarudia. Kitabu cha picha alichopewa melini kilikuwa hakina hata moja kati ya hayo matatu. Alikuwa amelipwa safari yake, nadhani, katika robo saa ile, na hakuna aliyeipanga kwenye ratiba.

Lakini kuna jambo linaloniumiza, na watu wa Kisiwani walinieleza mara nne siku ile kwa maneno yanayofanana. Wageni wanashuka na maji yao ya chupa. Chakula kinawangoja melini. Wanabeba noti kubwa za kigeni ambazo muuza madafu hawezi kuzivunja, kwa hiyo wanapita bila kununua, si kwa ubaya, ila hawana chenji. Kiingilio kinalipwa mbali na kijiji. Meli ikiondoka, kinachobaki ni bahashishi za waongozaji wachache na nyayo kwenye mchanga. Dawa yake si kubwa. Shilingi za noti ndogo zingeweza kugawiwa melini kabla ya kushuka. Chakula cha mchana kingeweza kupikwa hapa: samaki wa kupaka, wali wa nazi, kachumbari. Wanawake wa Kisiwani wanakijua hicho kuliko mpishi yeyote wa meli. Waandaaji wakiongeza saa mbili tu, pande zote mbili zingefaidi kuliko zinavyofaidi kwa bandari tano zilizopitwa mbio.

Sisi wenyewe tusingoje meli. Daraja la Mkapa lilifunguliwa 2003 na Rufiji haituzuii tena. Mabasi ya kusini yanakushusha Nangurukuru, na hapo Masoko si mbali. Barabara hiyo ina mashaka yake: Mei 2024, kimbunga Hidaya na mvua zake viliikata Somanga, magari yakalala siku kadhaa. Lakini ukifika, lala usiku mbili. Siku ya pili kodi mashua mwende Songo Mnara kupitia mikondo ya mikoko, maji yakijaa. Nahodha wa mashua yangu alisema ana wageni wengi wa Ulaya kuliko wa Dar, akanitazama kama anayengoja nimjibu. Sikuwa na jibu.

Karibu saa tano nilikwenda kwa mama mmoja anayepika nyuma ya nyumba yake, chini ya banda la makuti. Nilimkuta mteja mwingine amekwisha keti kwenye kigoda, suruali nyeupe imekunjwa mpaka magotini, viatu vyeusi vya kazi viko kando. Alikuwa mhudumu wa meli. Nilijua kwa sare, lakini salamu yake ndiyo iliyonishtua.

"Salaam aleikum. Karibu, ndugu. Nami ni mtu wa pwani, wa Mombasa, Kibokoni."

Alikuwa na miezi minne melini, na siku ile amepewa saa mbili za kushuka. Alikuwa amezigawa kwa uangalifu. Kwanza aliswali rakaa mbili kwenye msikiti wa kijiji. Pili alimtafuta mtu wa kuzungumza naye Kiswahili "mpaka ulimi ulegee." Tatu ni hiki kilicho mbele yake: muhogo wa nazi na pweza, sahani ya bati, anakula kwa mkono, polepole, kila tonge akilikamilisha kabla ya kuanza jingine. Hakuyaona magofu. Alisema atayaona siku nyingine, akipenda Mungu, akija na mamake.

Mama alikuwa akishona mkeka huku tunakula. Alikuwa na ukili mrefu wa ukindu umeviringishwa kama gurudumu, mistari ya zambarau na kijani, anaunganisha ukingo kwa ukingo kwa sindano ya chuma, akivuta uzi mpaka mstari wa zambarau ukutane na mwenzake bila kupishana hata kidogo. Yule mhudumu aliutazama muda mrefu.

"Mama, huu ni wa mtu?"

"Wa atakayeutaka, mwanangu. Lakini haujesha. Bado wiki mbili, tatu."

"Mie wiki mbili zijazo niko mbali. Tutapita tena huku mwakani, kaskazi kama hii."

"Basi utaukuta."

Alitoa fedha, akahesabu nusu ya bei, akazishika kwa mikono miwili. Mama alizipokea, akazifunga kwenye pindo la kanga, wala hakuandika popote. Boti ya mpira ilipiga king'ora mara mbili. Maji yalikuwa yamekwenda mbali kabisa, boti imesimama nje kule penye weupe, na yule mhudumu akatoka mbio juu ya mchanga wenye unyevu, viatu mkononi.

Mama alimwangalia mpaka alipoanza kuingia majini. Kisha akatafuta uzi mwekundu kwenye kikapu, akaupitisha kwenye pembe ya mkeka, akatia fundo, akalikaza kwa meno.

"Huu wa Mombasa," akamwambia binti yake. "Hata aje mwenye kutoa zaidi, usiuze."